Mtaalamu wangu wa lishe hataki kunipima uzito, niendelee naye au niachane naye?

BintiPangani:
Wakuu habari za humu. Naomba ushauri, na naomba nisitukanwe.

Nipo Houston, Texas, nahudumia wazee, shifti ya usiku. Nina kisukari aina ya pili. Daktari wangu kila nikienda wimbo ni ule ule, punguza uzito, hata siku niliyokwenda naumwa koo. Mwishowe akaniandikia nikamwone mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa, bima inalipa.

Nimefika nikavua viatu nikisubiri kupanda kwenye mizani, maana nimezoea. Yule dada akaniambia vaa tu, hapa hatupimi mpaka wewe mwenyewe utake. Viti vyake havina mikono, mnene unakaa bila kubanwa mapaja. Akauliza nalala saa ngapi, zamu ya usiku nakula nini na nakula saa ngapi, presha ikoje, kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilisoma ngapi. Ugali na wali kasema nisiache, niongeze mboga, dagaa au maharage, na nisiruke mlo.

Sasa mimi nataka kupungua. Desemba mdogo wangu anaolewa Tanga na picha zitabaki. Mtu wa lishe asiyetaka hata kujua kilo zangu ananisaidia nini? Nawaza kufuta miadi ya wiki ijayo. Mnanishaurije?

Mzee_Chumbageni:
Mwanangu, hapa Tanga mtu akitoka Ulaya kakonda tunamuuliza anaumwa nini. Njoo ulivyo, mkate wa kumimina unakusubiri.

MsafiriMuscat:
Pole dada. Mimi nilipofika huku nilinenepa mpaka kanzu zikanikataa. Halua, kahawa, wali wa nyama kila siku, na kazi ya kukaa. Nilichofanya ni kutembea Corniche ya Mutrah, ile njia ya kando ya bahari, kila baada ya Isha, mwendo wa kutoka jasho, na chakula cha usiku nikakiacha kabisa. Nikapungua bila mtaalamu wala nini. Wewe acha kula usiku tu, utakuja kunishukuru.

KidumeKimara:
Tatizo la siku hizi nidhamu. Wazee wetu walilima, wakafunga, wakala mara mbili, na hakuna aliyejua kisukari ni nini. Mtaalamu anayekwambia endelea na ugali anakubembeleza ili urudi alipwe.

NesiWaZamu:
Msafiri, umemwambia mgonjwa wa kisukari anayefanya kazi usiku asile usiku. Tuwe waangalifu jamani.

BintiPangani, unatumia dawa gani? Na kwa nini alisisitiza usiruke mlo? Ulimwambia unaruka?

BintiPangani:
Natumia vidonge vya sukari, metformin na glipizide. Kuruka naruka ndiyo, lakini siyo kila siku. Nikitoka kazini asubuhi nalala, mchana sisikii njaa. Hata hivyo swali langu ni la mizani.

NesiWaZamu:
Glipizide inasukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala. Ndiyo maana inamezwa karibu na chakula. Ukimeza halafu usile, sukari inashuka. Umewahi kutetemeka ukiwa kazini, jasho la baridi, moyo kwenda mbio? Na kuna kitu kingine unatumia? Mchana husikii njaa kabisa, na Desemba iko karibu. Sema tu, hapa hakuna anayekujua.

MwalimuTakwimu:
Kuhusu mizani niseme kidogo. Ile hesabu ya BMI, yaani kilo kugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ilibuniwa na Quetelet, Mbelgiji wa hesabu na nyota, miaka ya 1830. Alikuwa anatafuta mtu wa wastani katika jamii, wala hakuwa daktari. Jina hilo la leo ilipewa na mtafiti Ancel Keys mwaka 1972. Na mwaka 2023 chama cha madaktari cha Marekani kilikubali kwamba haitoshi ikitumiwa peke yake kumpima mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo huyo dada wa lishe hajazua mambo.

MtafitiKinondoni:
Mwalimu, hapo umesema nusu. Kwa kisukari uzito una uzito wake. Utafiti wa DiRECT uliofanyika Uingereza, matokeo yakatoka 2017: watu waliopunguzwa uzito kwa lishe maalumu, asilimia 46 kisukari kilitulia ndani ya mwaka mmoja bila dawa. Daktari wake hana kosa kumwambia apungue.

NesiWaZamu:
Ni kweli kabisa. Ila malizia: wale siku ya kwanza tu walisimamishwa vidonge vya sukari, wakafuatiliwa. Huyu anapunguza chakula na glipizide anaendelea kumeza.

BintiPangani, bado nasubiri jibu.

BintiPangani:
Haya. Kuna sindano.

Nimeipata kwa mwenzangu kazini, semaglutide, ile dawa ya kisukari inayokata hamu ya kula na kupunguza mwili, ipo kwenye kichupa. Haina karatasi ya famasi, ina utepe mweupe umeandikwa kwa kalamu "vuta mpaka 10". Nachoma Jumapili. Wenzangu wengi wanachoma, wamependeza, hakuna aliyelazwa. Na mimi gauni limeanza kukaa. Kutetemeka ndiyo, imetokea, nikanywa soda ya mgonjwa ikapita.

Daktari sijamwomba kwa sababu kabla ya kunisikiliza atanipandisha kwenye mizani na kunisomea kilo kwa sauti, mlango uko wazi. Mtaalamu wa lishe sijamwambia maana ataona namdharau.

KobeWaMji:
Chai hii. ID ya wiki hii, uzi wa kwanza. Mara mtaalamu mzuri mwenye viti vizuri, mara sindano ya kupendeza. Subirini, ukurasa unaofuata mtaona namba ya WhatsApp. Na mtu wa Houston anajibu saa sita mchana yetu? Kule watu wamelala.

Mama_Wawili_Bububu:
Kobe, saa sita mchana yetu kule ni saa kumi alfajiri, na amesema yuko shifti ya usiku. Soma kabla ya kushambulia.

KobeWaMji:
Shifti gani mtu anaandika insha nzima kwenye simu? Wazee anawahudumia nani? Nimeona matangazo mengi ya dawa za kupunguza mwili yakianza hivi hivi na machozi.

BintiPangani:
Sina cha kuuza. Jina la mtaalamu sijataja na sitataja, la aliyeniuzia pia. Kichupa kipo kwenye friji, nyuma ya achari ya ndimu, ili mwenzangu ninayeishi naye asikione. Kama ni tangazo, naficha nini?

NesiWaZamu:
Iwe kweli isiwe kweli, kuna anayesoma akiwa na kichupa kama hicho, kwa hiyo naandika.

Semaglutide ikikutana na glipizide, hatari ya sukari kushuka inaongezeka. Daktari anayejua akiziandika pamoja hupunguza glipizide. Pili, "vuta mpaka 10" haisemi miligramu ngapi, inategemea kichupa kimechanganywaje. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2024 walitoa onyo juu ya vichupa vya namna hii, wapo waliojichoma mara 5 hadi 20 ya kipimo chao.

Usichome Jumapili. Kipima sukari kiwe mfukoni. Kikisoma chini ya 70, kwa vipimo vya huku 3.9, kunywa juisi ya matunda nusu glasi, ngoja dakika 15, pima tena. Ukiona unachanganyikiwa, piga 911.

Na huyo dada wa lishe ni mtu aliyesoma shahada na kufanya mazoezi kazini saa elfu au zaidi chini ya usimamizi. Kukuacha na viatu vyako miguuni ilikuwa ni ili useme haya uliyotuambia sisi.

BintiPangani:
Daktari nitampigia Jumatatu.

NesiWaZamu:
Leo Alhamisi. Kliniki nyingi za huko zina namba ya usiku.

KidumeKimara:
Dada, ya nidhamu niliandika sijajua una dawa hizo. Piga simu.

BintiPangani:
Nimepiga nikiwa ngazini. Nesi wa kliniki kanisikiliza mpaka mwisho, hakuuliza kilo. Kasema glipizide ya asubuhi nisimeze mpaka daktari anipigie, na sindano nisiguse. Miadi ya lishe sijaifuta. Kichupa nikitoka kazini nakitupa.

NesiWaZamu:
Usikitupe. Nenda nacho kwa daktari, na utepe wake uwe juu yake.