Kuwafundisha wanaoanza Kiingereza kusimulia yaliyopita: orodha ya vitenzi, hadithi ya jana au "Have you ever"?

Mwalimu_wa_Kata
Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, na wanafunzi wangu karibu wote wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili. Muhula huu ninatakiwa kuwawezesha kueleza mambo waliyoyafanya na waliyowahi kuyapitia. Nilianza kwa kuwakaririsha orodha ndefu ya vitenzi, "go, went, gone", mpaka wakaitamka kwa sauti moja bila kukosea, lakini nilipomwuliza binti mmoja alifanya nini Jumamosi, alinijibu, "Saturday I go to river." Baadaye nikaiacha orodha na kumtaka kila mmoja asimulie siku yake ya jana kwa sentensi tatu. Sasa wanazungumza zaidi, ila wanasema, "I went to market, buy fish and come home." Njia ya tatu, ambayo sijaijaribu, ni kuanza na maswali ya "Have you ever". Ninyi mnaanza na ipi, na kwa nini?

Darasa_la_Jioni
Mwalimu, mimi ninafundisha watu wazima, wengi wao wafanyabiashara wa sokoni, na siwezi kuikataa orodha. Kilichonisaidia ni kuifupisha. Ninachagua vitenzi 12 tu ambavyo mtu hawezi kumaliza siku bila kuvitumia, kama vile kwenda, kuja, kula, kununua, kuuza, kuona na kulipa, kisha ninavipanga kwa mlio: "buy, bought" na "bring, brought" vinakaa pamoja, "sell, sold" na "tell, told" pamoja, na vile visivyobadilika, kama "put" na "cut", vinakaa peke yake. Mtu mzima hupenda kuwa na kitu cha kushika daftarini. Hata hivyo, orodha hiyo haikai siku mbili bila kuingia katika masimulizi, kwa sababu ikikaa peke yake inabaki kuwa wimbo.

Mkufunzi_wa_Lugha
Ndugu Mwalimu wa Kata, ningependa tuitazame sentensi ya samaki kwa makini, kwa sababu mwanafunzi huyo hakusahau somo lako. Amefuata sarufi ya lugha yake. Katika Kiswahili tunasema, "Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani." Kiambishi -li- kinatokea mara moja mwanzoni, kisha -ka- inaubeba mfuatano wote, na msikilizaji anajua kwamba bado tuko katika wakati uliopita. Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi katika mfuatano huo kinapaswa kuvaa vazi la wakati uliopita chenyewe: "went, bought, came". Mimi huandika sentensi zote mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, nikapigia mstari -li- na -ka- kwa juu, kisha nikawaachia wanafunzi watafute kilichobadilika kwa chini. Kwa hiyo ninaunga mkono hadithi ya jana, mradi ilinganishwe na Kiswahili waziwazi. Kumkataza mwanafunzi anayeanza asitumie Kiswahili ni kumnyima taa aliyokuja nayo.

Mwalimu_wa_Pwani
Ninakubaliana na Mkufunzi, na ninaongeza jambo la ukanushi, maana hapo ndipo hadithi nyingi hukwama. Wanafunzi husema, "I didn't bought." Waonyeshe jozi hii: "nilinunua" na "sikununua". Katika neno la pili -li- imeondoka, na ni -ku- inayobeba wakati uliopita, huku mzizi "nunua" ukibaki vilevile. Kiingereza nacho huuhamisha wakati uliopita kwenye "did", na "buy" ikarudi katika umbo lake la kawaida: "I bought, I did not buy." Wanafunzi wangu walipoiona -ku- na "did" zikifanya kazi inayofanana, hatukuhitaji maelezo marefu tena.

Darasa_la_Jioni
Na hiyo "Have you ever" mnaiweka wapi? Mimi huiahirisha kabisa. Nikiifundisha mapema, wanasema "I have arrived yesterday", kwa kuwa "nimefika jana" ni Kiswahili cha kila siku.

Mkufunzi_wa_Lugha
Ni kweli kwamba -me- inapotosha, na si hapo tu. "Amelala" kwetu humaanisha yuko usingizini sasa, ilhali "he has slept" haisemi hivyo. Tunahitaji "he is asleep". Ndiyo maana sishauri kuifundisha -me- kuwa sawa na "have". Lakini singeahirisha kila kitu, kwa sababu tunalo neno "-wahi". Swali la "Umewahi kupanda meli?" linalingana vizuri na "Have you ever travelled by ship?", na linaweza kufundishwa likiwa zima, bila uchambuzi, pamoja na majibu mawili mafupi: "Yes, I have" na "No, I haven't". Akijibu ndiyo, mwulize "When?", na hapo lazima arudi kwenye wakati uliopita wa kawaida: "I travelled in 2022." Hata sisi tunageuka papo hapo: "Nimewahi kupanda; nilipanda mwaka 2022." Mimi huliingiza swali hilo baada ya wiki tatu au nne za hadithi ya jana, kamwe si kabla yake.

Mwalimu_wa_Kata
Ninawashukuru sana. Nimerudi baada ya wiki mbili. Niliandika sentensi ya samaki ubaoni kama Mkufunzi alivyoelekeza, nikafundisha "did" kwa kutumia "sikununua", na orodha nikaipunguza hadi vitenzi 12. Yule binti ameandika: "On Saturday I went to the river. I washed clothes. I did not see my friend. I came home and cooked." Nilisimama mezani kwake nikaisoma mara mbili. Kilichobaki ni matamshi, kwani anasoma "woshedi" na "kukedi".

Mwalimu_wa_Pwani
Mpongeze kwa niaba yetu. Maneno yetu huishia kwa irabu, ndiyo sababu anaiongeza. Mwambie "washed" na "cooked" huishia kwa mlio wa t, "played" kwa d, na ni baada ya t au d tu, kama katika "wanted", ndipo silabi moja huongezeka. Mshike kiganja apige kofi kwa kila silabi: "washed" kofi moja, "wanted" makofi mawili.