Tovuti za "umbali na muda wa ndege" zinatulisha matango pori!

Wakuu, nimefika salama ila nimefika na hasira zangu.

Safari ilikuwa Helsinki kwenda Tokyo, ndege ya moja kwa moja. Tiketi nilikatiwa na ofisi, kichwani nilikuwa na saa ya kuondoka tu: 11:45 jioni. Nikaingia kwenye moja ya zile tovuti unazoandika mji huu na mji ule, ikanijibu kwa kujiamini kabisa: kilomita 7,800 na ushee, masaa 9. Nikaongeza masaa 6 ambayo Tokyo iko mbele majira ya joto, nikamwambia mwenyeji wangu anipokee saa 3 kasorobo asubuhi.

Nimetua karibu saa 7 mchana. Mtu wa watu kakaa uwanjani masaa manne, simu yangu haipatikani, ameshaanza kuwaza mabaya.

Masaa 9 yalikuwa kweli zamani. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi za Ulaya zikazifungia anga ndege za Urusi, na Urusi ikalipiza kwa kuzifungia za kwao. Njia ya Siberia ikafa. Sasa ndege inazunguka juu kwenye Ncha ya Kaskazini au inapita chini Asia ya Kati, karibu masaa 13. Miaka yote hii, na tovuti bado inakurusha juu ya Siberia kama vile hakuna kilichotokea!

Nimechimba nikaona ujanja wao. Wanachukua mstari mfupi kuliko yote juu ya tufe la dunia, wanagawa kwa kasi moja, basi. 7,800 gawa kwa 870, masaa 9 hayo. Hesabu ya darasa la tano inauzwa kama utaalamu. Kuzunguka uwanjani kabla ya kupaa hawahesabu. Foleni ya kutua hawahesabu.

Upepo ndiyo kabisa. Jaribuni wenyewe London na New York, kilomita kama 5,550: kwenda na kurudi wanakupa muda uleule! Wakati huko juu kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ukirudi London unakusukuma mgongoni, ukienda New York unapigana nao. Tofauti ya saa nzima ni jambo la kawaida. Februari 2020, siku za dhoruba Ciara, kuna ndege ya abiria ilitoka New York ikafika London kwa chini ya masaa 5. Tovuti haina habari.

Halafu London hadi Sydney, kilomita 17,000, wanakuandikia masaa 19 na kitu. Ndege gani hiyo? Mpaka naandika uzi huu hakuna tiketi ya abiria isiyosimama njiani kwenye safari hiyo. Utashuka Singapore au Dubai au kwingineko, na ukifika umekula masaa 22 na zaidi, hapo kama hukulala uwanjani kusubiri ya kuunganisha.

Kinachoniuma ni kwamba wangeandika tu "makadirio ya mstari mnyoofu", nisingekuwa na neno. Hawaandiki. Wanakupa mpaka dakika!

Mwenye tovuti inayoonyesha muda wa ratiba halisi aiweke hapa. Na wewe unayejiandaa kuandika "si ungeangalia tiketi", nimeshakusikia, mwenyeji wangu amekutangulia.