MREJESHO: Umeme kwenye mkono wa mzee

Wakuu, niliuliza kama mashine ya umeme anayowekewa mzee mkononi baada ya kiharusi inasaidia misuli tu au na ubongo. Mtaalamu wa viungo hapa Kigoma kanifafanulia: umeme unaamsha neva, msuli unajikunja, na taarifa za mguso na mwendo zinapanda hadi ubongoni. Ubongo huitikia zaidi mgonjwa akijitahidi mwenyewe wakati huohuo. Kwa hiyo mzee halali tu kama zamani. Anaambiwa "fungua kiganja", ndipo swichi inabonyezwa. Vidole vinanyooka, anaachia kikombe cha plastiki. Bila umeme, gumba bado gumu. Waliosema napoteza hela, mimi naendelea. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini asiwekewe umeme huu bila ruhusa ya daktari.