Viza ya kustaafu ng'ambo: anuiti, kiinua mgongo au kodi ya nyumba?

Hesabu_SouthB
Wadau, tulinganishe. Mtu wa miaka 58 anastaafu hapa Nairobi. Mezani kuna fomu ya mafao: achukue thuluthi moja kwa mkupuo na zinazobaki zinunue anuiti (malipo ya kila mwezi kutoka kampuni ya bima), au hizo zinazobaki ziingie kwenye mfuko wa kuchota polepole, ule wa drodauni. Ana pia vyumba vitatu vya kupangisha Kahawa West, na anataka kuhamia ng'ambo na mkewe.

Masharti ya viza niliyokusanya ni haya. Panama, dola 1,000 kwa mwezi na 250 juu yake kwa mke. Ureno (viza yao iitwayo D7) inafuata mshahara wa chini wa kule, ambao mwaka 2025 ulikuwa yuro 870. Mke anaongeza nusu. Uhispania ni mara nne ya kipimo chao cha mapato kiitwacho IPREM, yaani yuro 2,400 kwa mwezi, na 600 kwa tegemezi. Afrika Kusini, randi 37,000 kwa mwezi. Thailand, kuanzia miaka 50, baht 800,000 kwenye benki ya huko au mapato ya baht 65,000 kwa mwezi.

Kwa tarakimu tu, Panama na Ureno ndizo nafuu. Au kuna kitu sikioni?

Karani_UpperHill
Kipo. Kabla ya kiasi wanaangalia pesa inaingia kwa njia gani. Panama wanataka pensheni ya maisha. Drodauni si ya maisha: kanuni za RBA, mamlaka ya pensheni, zinataka mfuko udumu angalau miaka 10, na huruhusiwi kuchota zaidi ya 15% kwa mwaka. Hata ukichota dola 2,000 kila mwezi, bado unachota akiba yako mwenyewe. Anuiti ya maisha ndiyo inayofaa, au pensheni ya serikali yenye barua kutoka Idara ya Pensheni pale Bima House.

Hata anuiti ina mtego. Kampuni nyingi za bima huuza anuiti ya maisha yenye dhamana ya miaka 10, maana yake ukifa mapema warithi wanaendelea kulipwa hadi miaka hiyo iishe. Barua ikitaja "miaka 10" bila kutaja "maisha yote", afisa wa ubalozi atasoma kwamba malipo yanakoma mwaka wa kumi. Omba barua mpya yenye sentensi mbili: analipwa kila mwezi hadi kufa, na mkataba hauwezi kuvunjwa.

Halafu shilingi yenyewe. Pensheni ya 140,000 kwa kiwango cha 129 ni dola 1,085, unapita ukiwa peke yako. Lakini Januari 2024 dola ilifika karibu 160, na pensheni hiyohiyo ingekuwa 875. Ukienda na kiasi kinachogusa mstari tu, unacheza kamari.

Bi_Mafao
Naongezea Afrika Kusini, maana watu huipita haraka. Haina umri wa chini kwa viza hiyo. Wanakubali pensheni, anuiti isiyobatilishwa, au mali inayozalisha hizo randi 37,000 kwa mwezi. Kwa shilingi weka kama 270,000. Hapo sentensi ya pili ya Karani inafanya kazi yake: neno "haiwezi kuvunjwa" ndilo wanalolitafuta.

Na tafadhali msidanganyike na zile siku 90 ambazo Wakenya wanaingia bila viza tangu Januari 2023. Hizo ni za kutembea. Huwezi kutua Johannesburg kama mgeni kisha ugeuze ukiwa ndani. Ombi linaanzia Nairobi.

Dalali_Rongai
Nije kwenye kodi ya nyumba, ambayo Ureno na Uhispania wanaikubali kama mapato yasiyo ya kazi. Vyumba vitatu vya Kahawa West, tuseme 18,000 kila kimoja, ni 54,000. Kwa yuro moja shilingi 150 hiyo ni yuro 360. Changanya na pensheni ya 90,000 unafika 960. Yeye peke yake anapita 870, lakini kwa mume na mke kiwango cha 2025 kilikuwa 1,305, takriban shilingi 196,000. Amepungukiwa. Uhispania hata asijaribu: wawili ni yuro 3,000.

Kinachowaangusha wenye nyumba ni ushahidi. Kodi inalipwa kwa M-Pesa ya keateka, keateka anakata ya maji na taka, anatuma inayobaki kwa tarehe anayotaka. Kwenye stetimenti ya benki unaona 47,300, mwezi ujao 51,000, kutoka kwa jina ambalo halimo kwenye mkataba wowote. Miezi sita kabla ya kuomba, wapangaji walipe kwa paybill ya benki moja kwa moja kwenye akaunti yako, kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye mkataba. Gharama za maji lipa wewe, kwa muamala tofauti. Na ule ushuru wa KRA wa 7.5% ya kodi ghafi ya nyumba uwe unalipwa kila mwezi, kwa sababu risiti zake ndizo zinazooanisha mkataba na stetimenti.

Hesabu_SouthB
Na mwenye kiinua mgongo kikubwa bila pensheni ya mwezi?

Karani_UpperHill
Huyo ni wa Thailand. Baht 800,000 ni kama shilingi milioni 3.2. Malaysia pia wanapokea amana, ila mpango wao wa ukaazi, MM2H, ngazi ya Silver ni dola 150,000 na bado ununue nyumba ya ringgit 600,000, kwa hiyo tuiache.

Thailand shida ni kalenda. Viza ya kuingilia, Non-O, inampa siku 90. Pesa lazima iwe imekaa benki miezi miwili kabla ya kuomba kuongezewa mwaka. Toa siku 60 kwenye 90: amebaki na mwezi mmoja wa kupata nyumba, kufungua akaunti na kuingiza pesa. Akaunti iwe ya jina lake peke yake. Ya pamoja na mke hawaihesabu.

Atume dola, asibadilishe kuwa baht hapa Nairobi. Benki ya kule inatakiwa kuthibitisha kwamba pesa imetoka nje. Benki ya hapa itamuomba karatasi kwa chochote kinachozidi dola 10,000, hivyo barua ya malipo ya mafao iwe tayari. Achague mtumaji alipe gharama zote, na bado atume ziada, maana benki za katikati hukata njiani. Ikiingia 799,200 hesabu ya miezi miwili haijaanza.

Akishapewa, miezi mitatu asiguse 800,000, baada ya hapo isishuke chini ya 400,000 mwaka mzima. Mwaka unaofuata irudi 800,000 miezi miwili kabla.

Bi_Mafao
Na siku ya kwenda uhamiaji, aweke au atoe baht 100 asubuhi hiyo, kisha achapishe kitabu cha benki kwenye mashine. Bila muamala hakichapishi mstari wenye tarehe ya leo, na ofisa anataka kuuona pamoja na barua ya benki. Ada ni baht 1,900.

Mpita_Njia
Riba za hati fungani za serikali zinahesabika? Zangu zinalipa mara mbili kwa mwaka.

Dalali_Rongai
Kwa Ureno ndiyo: toa taarifa ya DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa hati fungani, na stetimenti inayoonyesha malipo yakiingia, gawanya kwa 12. Panama hapana, si pensheni. Angalia tarehe ya kuiva pia. Hati inayoiva mwaka ujao haimshawishi anayekupa kibali cha miaka miwili.

Hesabu_SouthB
Basi fomu ya mafao haitiwi sahihi wiki hii. Ataomba kwanza bei za anuiti kutoka kampuni tatu, zikiwa na mke na bila mke, na nakala ya barua wanayotoa kwa balozi.