Mimi nilipekuliwa ndipo nikaanza kazi. Balozi alitangazwa ndipo akapekuliwa. Huo ni utaratibu gani?

Wakuu, mtaniwia radhi, leo naandika kwa hasira. Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, chai imepoa mezani, na sababu ni mzee mmoja anaitwa Peter Mandelson, mwanasiasa mkongwe wa chama cha Labour cha hapa Uingereza, na wale waliomtuma Washington kuwa balozi.

Nianze na mimi kidogo ili mjue hasira inatoka wapi.

Natunza wazee hapa Uingereza. Kuogesha, kulisha, kumgeuza mtu kitandani asipate vidonda, kuhesabu vidonge. Kabla sijaruhusiwa hata kumshika bibi wa watu mkono, nilitoa anwani zote nilizowahi kuishi kwa miaka mitano, wadhamini wawili, cheti cha polisi kutoka nyumbani, cheti cha kifua kikuu, kisha wakanipekua tena wao wenyewe. Kwenye historia yangu ya kazi kulikuwa na pengo la miezi mitatu. Miezi hiyo nilikuwa namuuguza mama yangu. Yule dada wa ofisini akazungushia duara kwa kalamu nyekundu, akaniambia, "Hapa sheria inataka maelezo ya maandishi." Nikaandika. Kurasa mbili, kumwelezea mtu nisiyemjua jinsi mama yangu alivyougua. Nikasubiri wiki saba bila mshahara mpaka majibu yote yaliporudi. Sikulalamika. Nilisema sawa, hawa ni wazee wa watu, lazima wajue wanamkabidhi nani.

Sasa njoo kwa mheshimiwa.

Tarehe 20 Desemba 2024 Waziri Mkuu Keir Starmer anamtangaza Mandelson kuwa balozi wa Uingereza nchini Marekani. Dunia nzima inajua, magazeti yanaandika, pongezi zinamiminika. Na upekuzi wa usalama, ule mzito wa kuingia kwenye fedha za mtu, marafiki zake, safari zake na maisha yake ya ndani? Ulianza BAADA ya kutangazwa. Mimi sibuni. Wizara ya Mambo ya Nje yenyewe iliiandikia kamati ya Bunge Septemba 2025 na kueleza hivyo. Kabla ya tangazo kulikuwa na ukaguzi uliofanywa na Ofisi ya Baraza la Mawaziri kwa ombi la ofisi ya Waziri Mkuu, na Wizara ikasema haikuombwa ichangie chochote, wala haikuletewa hoja yoyote kutokana na ukaguzi huo. Yaani wizara inayomsimamia balozi ilikaa pembeni kama mgeni wa arusi.

Niambieni, ofisa gani wa upekuzi, mwenye mke na watoto na mkopo wa nyumba, atasimama mwezi Januari amwambie Waziri Mkuu kwamba mtu uliyemtangaza mbele ya dunia hafai? Ukishatangaza kwanza, upekuzi unageuka kuwa wa kutafuta namna ya kupita. Ni kama kumpima damu bwana harusi watu wakiwa wameshakula pilau.

Na msinijie hapa na ile ya "hawakujua". Walijua nini? Jeffrey Epstein, tajiri wa Kimarekani aliyekuwa rafiki wa Mandelson, alikiri makosa Florida mwaka 2008, likiwemo la kutafuta huduma ya ngono kwa mtoto, akafungwa. Hilo halikuwa siri hata kwa muuza magazeti. Mwaka 2023 gazeti la Financial Times lilishaandika kuhusu ripoti ya ndani ya benki ya JPMorgan inayoonyesha kwamba Mandelson alikaa kwenye nyumba ya Epstein New York, Juni 2009, wakati mwenye nyumba yuko kifungoni. Mandelson wakati huo alikuwa waziri wa biashara wa Uingereza! Mwenye nyumba yuko jela kwa makosa hayo, na wewe waziri wa serikali unalala kwake. Hilo lilikuwa hadharani mwaka mzima na zaidi kabla ya uteuzi, na lilitajwa kwenye ule ukaguzi wa awali.

Basi wakafanya nini? Hapa ndipo nilipotupa kijiko. Mkuu wa ofisi ya Waziri Mkuu, Morgan McSweeney, akamtumia Mandelson maswali matatu. MATATU. Kwa nini uliendelea kuwasiliana na Epstein baada ya hukumu, kwa nini inasemekana ulikaa kwenye nyumba yake akiwa kifungoni, na ulihusikaje na taasisi ya Ghislaine Maxwell, mshirika wa Epstein. Mtuhumiwa akajibu mwenyewe kwa maandishi, majibu yakapokelewa, faili likafungwa. McSweeney na Mandelson, kwa wasiofuatilia, ni watu wa karibu wa miaka mingi ndani ya Labour, chama cha Starmer. Mimi kwa miezi mitatu ya kumuuguza mama nilitakiwa nijieleze kwa maandishi kwa mtu nisiyemjua kabisa.

Halafu aliyekuwa anapokea majibu haya ni nani? Keir Starmer, aliyekuwa mkuu wa mashtaka ya umma wa England na Wales kuanzia 2008 hadi 2013. Mwanasheria wa mahakamani. Mtu ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kutomwamini mtu kwa maneno matupu. Kesi ingeletwa kwake na polisi kwa ushahidi wa "tulimuuliza akasema hakufanya", angewafukuza ofisini.

Kuna mtu ataleta hoja ya kipaji. Sawa, tuizungumze, sina ubishi wa kitoto. Mandelson alikuwa kamishna wa biashara wa Umoja wa Ulaya 2004 hadi 2008, anajua mambo ya ushuru kama mimi ninavyojua njia ya kwenda kazini. Trump alikuwa anarudi, Uingereza iliogopa ushuru, wakataka mtu mjanja. Na Mei 2025 mkataba ulipatikana, magari laki moja ya Uingereza kwa mwaka yakapewa ushuru wa asilimia 10, na Mandelson alikuwepo palepale ofisini kwa Trump siku inatangazwa. Simnyimi. Ila kiti kile kilikuwa na mtu, Karen Pierce, mwanadiplomasia wa kazi, anayeijua Washington na watu wa Trump wanamjua. Hakuna aliyekuwa amelalamika kuhusu Pierce. Walimtoa mtu asiye na doa wakamweka mwenye doa, kisha wakajisifu kwa ujasiri.

Doa lenyewe si moja. Desemba 1998 alijiuzulu uwaziri kwa sababu ya mkopo wa pauni 373,000 wa kununulia nyumba, aliokopeshwa na waziri mwenzake Geoffrey Robinson, bila kuusema, huku wizara yake mwenyewe ikiwa inachunguza biashara za huyo Robinson. Januari 2001 akajiuzulu tena, safari hii kwa suala la ombi la pasipoti la mmoja wa ndugu wa Hinduja, matajiri wenye asili ya India. Hapo pa pili nitamtetea kidogo, uchunguzi uliofuata ulisema hakufanya jambo lisilofaa. Lakini mtu ameshaachia uwaziri mara mbili kwa sababu ya mambo ambayo hayakusemwa mapema, na wewe unaona dawa yake ni kumuuliza maswali matatu?

Septemba 2025 ndipo pazia likaanguka. Kamati ya Bunge la Marekani ikatoa kile kitabu cha salamu za kutimiza miaka 50 cha Epstein, cha mwaka 2003. Mandelson ana kurasa zake humo, mwandiko wa mkono na picha, anamwita Epstein rafiki yake kipenzi. Tarehe 10 Starmer akasimama kwenye maswali ya papo kwa papo bungeni akasema ana imani na balozi wake na kwamba utaratibu wote ulifuatwa. Jioni ileile barua pepe zikaanza kutoka, Mandelson akimwambia Epstein, kabla tu ya hukumu ya 2008, apambane aachiwe mapema. Tarehe 11 asubuhi balozi akafukuzwa. Saa ishirini na nne! Imani ya Waziri Mkuu haikukaa hata muda wa maziwa kuganda. Na ziara ya kitaifa ya Trump hapa Uingereza ilikuwa siku chache mbele.

Utaratibu ulifuatwa. Hii sentensi ndiyo inanichoma kuliko yote, wakuu. Kama ulifuatwa na matokeo ndiyo haya, basi ni mbovu, na aliyeutengeneza awajibike. Kama haukufuatwa, aliyesema ulifuatwa awajibike. Hakuna mlango wa tatu. Wao wakajitengenezea wa tatu: tulidanganywa.

Maana tarehe 4 Februari 2026, baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kumwaga mamilioni ya kurasa za mafaili ya Epstein, Kemi Badenoch, kiongozi wa chama cha upinzani cha Wahafidhina, alimbana Starmer bungeni kwa swali fupi: je, upekuzi ulitaja kwamba uhusiano wa Mandelson na Epstein uliendelea? Akajibu ndiyo. Nilikuwa naangalia kwenye simu wakati wa mapumziko, nikamgeukia mwenzangu tunayefanya naye kazi, nikamwambia umesikia alichosema huyu? Yaani karatasi ilikuwa mezani kwake. Kesho yake akaenda mji wa Hastings akawaomba radhi waathirika wa Epstein kwa kuamini uongo wa Mandelson. Mtu haombi radhi kwa kudanganywa kama hakuwa na wajibu wa kuhakiki. Akubali tu kwamba hakutaka kujua.

Hawa waathirika ndio waliosahaulika kabisa kwenye kelele za London. Watu wanahesabu nani kajiuzulu, nani atarithi uwaziri mkuu, waandishi wanachambua makundi ndani ya Labour kama ligi ya mpira. Wasichana waliofanyiwa unyama na yule mtu walikuwa wameshasema, wengine mahakamani, kwa jina na sura zao, miaka mingi kabla. Ofisi ya Waziri Mkuu ikapima ushahidi wao upande mmoja, na barua ya Mandelson upande wa pili, ikaona barua ina uzito.

Mafaili hayo ya Epstein, yaliyomwagwa mwishoni mwa Januari, yakaleta zaidi, barua pepe zinazoonekana kuonyesha Mandelson akiwa waziri akimpelekea Epstein taarifa za ndani za serikali kipindi cha msukosuko wa kifedha wa 2009 na 2010. Akajitoa Labour, akaondoka Bunge la Malodi, lile baraza la juu la bunge, polisi wa London wakafungua uchunguzi, tarehe 23 Februari wakamkamata na kumwachia kwa dhamana. Kukamatwa si kutiwa hatiani, hilo nalisema kwa heshima ya sheria. McSweeney alijiuzulu tarehe 8 Februari, akasema ni yeye aliyeshauri uteuzi huo na anawajibika. Angalau. Ila mshauri hasaini.

Kuna mdau juzi kaniuliza, kwani bunge lao lilikuwa wapi? Swali zuri sana. Marekani balozi anakwenda mbele ya Baraza la Seneti, anakaa kwenye kiti, anaulizwa hadharani, anapigiwa kura. Uingereza balozi hahojiwi na bunge kabla ya kuteuliwa. Kamati ya Mambo ya Nje chini ya Emily Thornberry, mbunge wa Labour huyohuyo, ilitaka kumhoji Mandelson kabla hajaondoka, ikanyimwa nafasi. Saa moja tu mbele ya kamera. Hebu fikirieni mbunge mmoja tu angemuuliza, "Juni 2009 ulilala wapi?" Alipoulizwa habari za Epstein na mwandishi wa Financial Times mwanzoni mwa 2025 alimjibu kwa tusi la nguoni. Mbele ya kamati asingethubutu, na kukaa kimya kwake kungetosha.

Na si kwamba hawakuwa na mfano. Mwaka 1977 James Callaghan alimpeleka Washington Peter Jay, mume wa binti yake, watu wakapiga kelele kweli. Karibu nusu karne baadaye mlango uleule bado unafunguliwa kwa ufunguo wa mtu mmoja.

Ninachodai mimi ni kidogo sana, kingeandikwa nyuma ya risiti. Mtu asitangazwe mpaka upekuzi uishe. Asiyehusiana naye ndiye amuulize maswali. Kamati ya Bunge imwone kabla hajapanda ndege. Ndivyo ninavyofanyiwa mimi ninayelipwa kwa saa, sioni kwa nini iwe matusi kwa lodi.

Mtakaokuja kusema kila nchi ina mambo yake, karibuni, lakini jibuni kwanza lile swali la wizara kutoulizwa. Sitaki porojo.

Naishia hapa maana macho yanafumba. Jana nimepewa fomu, upekuzi wangu unarudiwa, miaka mitatu imeisha. Ukurasa wa pili wanauliza tena kama kuna pengo lolote kwenye historia yangu ya kazi. Ile miezi mitatu bado ipo palepale, na yule dada wa kalamu nyekundu kasema barua ya zamani haionekani kwenye faili, niandike nyingine.