Naomba ushauri: kupima mwendo wa mama baada ya stroku

Habari zenu wakuu. Mama alipata stroku, sasa anafanya mazoezi kwa fizio hapa Moshi mjini. Kule wanampima anainuka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi kukaa huku saa inahesabu, nikaambiwa mzee akifikisha sekunde 12 na kuendelea yuko kwenye hatari ya kuanguka. Sasa pale ni tailizi tupu, sisi huku Kibosho ni miteremko na mvua ikinyesha utelezi balaa, hizo sekunde kweli zinaonyesha kama anaweza kwenda choo cha nje mwenyewe? Na nikimpima nyumbani aache mkongojo au atembee nao? Akigeuka ndo anayumba, naogopa sana. Wenye uzoefu nisaidieni jamani.