Mashine ya kukatia nyasi ya kukalia: ninunue, au niendelee kulipa watu wa kukata?

Mwenye_Uwanja:
Wakuu, naomba ushauri. Eneo langu la nyasi ni kama mita za mraba 3,500 ukishatoa nyumba na njia ya gari. Sehemu kubwa ni tambarare, ila nyuma kuna mteremko wa kama mita za mraba 600. Kuna miti kumi na kitu, bustani mbili ndogo za maua, na geti la kuingilia nyuma lina upana wa sentimita 120. Zinakatwa mara 28 hivi kwa mwaka, na nalipa kwa kila mkato. Nimeweka jicho kwenye mashine ya kukalia yenye deki (lile sanduku la chini lenye visu) ya inchi 42 (sentimita 107), injini ya silinda moja. Inalipa? Na ni yapi ambayo muuzaji hatanitajia?

Hesabu_Kwanza:
Mkuu, weka bei ya mashine pembeni kwanza. Kipimo chako ni bei ya mkato mmoja, kwa sababu ndiyo unayoilipa sasa.

Chukua bei ya mashine, toa kiasi utakachoiuzia baadaye, gawanya kwa miaka utakayokaa nayo. Ongeza matengenezo ya mwaka (oili, kichujio cha hewa, plagi, visu, na mara mojamoja mkanda au betri). Ongeza petroli, mashine ya ukubwa huo inakunywa kama lita 3 hadi 4 kwa saa, kutegemea urefu wa nyasi. Tuseme, kwa mfano tu, mashine ni sawa na bei ya mikato 70 na baada ya miaka 7 unaiuza kwa thamani ya mikato 14. Hapo mashine inakula mikato 8 kwa mwaka. Matengenezo weka 3, petroli 3. Jumla 14. Kwa hiyo nusu ya hela unayolipa sasa inabaki mfukoni.

Sasa muda. Deki ya sentimita 107, ukitoa sehemu inayorudia mstari uliopita, inakata kama 97. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hiyo ni mita za mraba 4,850 kwa saa kwenye karatasi. Kugeuza na kuzunguka miti kunakula robo, unabaki na kama 3,600. Uwanja wako ni saa moja, sema saa moja na robo. Mashine ya kusukuma ya sentimita 53 ingekuchukua zaidi ya saa mbili.

Lakini hao unaowalipa hawakati tu. Wanapitisha mashine ya uzi (ile ya mkononi inayokata kwa uzi wa plastiki unaozunguka) kwenye mashina ya miti na kando ya ukuta, na wanafagia njia. Hiyo ni nusu saa nyingine kila mkato, na mashine ya uzi utainunua kivyake. Ukijumlisha na siku za oili na kunoa visu, unafika saa 60 kwa mwaka bila kujitahidi. Mikato 14 uliyookoa kwa saa 60: kila mkato unaukomboa kwa saa nne na zaidi za kazi yako. Kama unapenda kazi hiyo, nunua. Kama utaifanya kwa kununa, ikifika mwaka wa pili nyasi zitakuwa magotini na mashine iko ndani inaota kutu.

Fundi_Grisi:
Hesabu nimezikubali, ila mimi ningeanza na ule mteremko. Mashine za kukalia za kawaida zina kikomo cha nyuzi 15. Zaidi ya hapo hupandi, hata kama injini ina nguvu, kwa sababu kinachokuangusha si injini, ni uzito kuwa juu na tairi kuteleza kwenye nyasi.

Pima hivi: chukua ubao ulionyooka wa mita 2, ncha moja iweke chini upande wa juu wa mteremko, ncha ya pili inyanyue hadi pima maji ioneshe ubao umelala sawa. Pima nafasi kati ya ncha uliyonyanyua na ardhi. Ikizidi sentimita 54 umevuka nyuzi 15. Pima sehemu tatu au nne, na uhesabu ile mbaya kuliko zote.

Ukiwa chini ya hapo, mashine ya kukalia inapanda na kushuka moja kwa moja, haikati kwa kukingama. Ya kusukuma ni kinyume: unakingamisha, ili ukiteleza usijikute chini yake. Na usikate mteremko kukiwa na umande.

Geti nalo. Inchi 42 ni upana wa kisu kinapopita, si upana wa mashine. Lile bawa la pembeni la kutolea nyasi linaifikisha kama sentimita 130. Unaweza kulikunja juu visu vikiwa vimezimwa, lakini kupita kwenye sentimita 120 kila wiki utakwaruza nguzo. Tafuta deki ya inchi 38 kushuka chini, au aina inayotolea nyasi nyuma. Au panua geti, ambalo mara nyingine ndilo suluhisho rahisi kuliko yote.

Mwenye_Uwanja:
Asanteni sana. Nimepima sasa hivi: sehemu mbili ni sentimita 48, ya tatu ni 61. Kwa hiyo huko nyuma hakupandiki? Halafu kuna mtu anauza iliyotumika, saa 310 kwenye mita ya saa za kazi. Nitazame nini?

Fundi_Grisi:
Sentimita 61 ni kama nyuzi 17. Usipande. Mita hizo 600 zikate kwa mashine ya kusukuma au ya uzi, au waachie hao hao watu. Wengi wanakubali kazi ya kipande ukielewana nao mapema.

Iliyotumika: mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Shika injini, iwe ya baridi. Chomoa kijiti cha oili. Ikinuka petroli na kina kimepanda kupita alama, sindano ya kabureta haifungi na petroli inashuka kwenye oili, usiiwashe hivyo. Ikiwaka, moshi wa bluu unaopotea baada ya sekunde chache unavumilika. Usiokoma unaonesha injini inakula oili.

Zima, chomoa waya wa plagi, kisha tikisa kila kisu juu na chini kwa mkono uliovaa glavu. Kikicheza, beringi za shafti ya kisu zimekwisha. Beringi zenyewe si ghali, ila kama nyumba yake, kile chuma kinachozishika, imepasuka unanunua kipande kizima. Tazama chini ya deki: kutu ya juujuu si neno, lakini chuma kikibonyea ukikigonga na bisibisi, iache. Tikisa usukani na tairi za mbele. Mchezo mwingi maana yake bushi zimelika.

Mwisho giaboksi. Kama ni ya haidrostatiki (inasukumwa kwa mgandamizo wa mafuta, si kwa kubadili gia), iendeshe dakika 20 hadi ipate moto, kisha ipandishe kilima kidogo. Inayokwenda vizuri ikiwa baridi na kulegea ikiwa na moto imechakaa ndani, na matengenezo yake yanaweza kukaribia bei ya mashine yenyewe. Saa 310 si nyingi kama oili ilibadilishwa. Kama haikubadilishwa, ni nyingi mno.

Tupa_na_Spana:
Niongeze ya matengenezo, kwa sababu hapo ndipo mashine nyingi zinapofia.

Oili ya kwanza kwenye injini mpya inamwagwa baada ya saa 5 hadi 8, kisha kila saa 50 au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Silinda moja inachukua kama lita 1.4, soma kijiti, usimimine chupa nzima kwa kubahatisha. Daraja la oili ni SAE 30 kwa joto, 10W-30 kama unaiwasha pia kwenye baridi. Kichujio cha hewa kikague kila saa 25. Grisi kwenye shafti za visu na ekseli ya mbele, kama zina chuchu za grisi, kila saa 25 pia.

Petroli isikae kwenye tangi zaidi ya siku 30 bila dawa ya kuihifadhi. Inaacha utando kwenye vitundu vidogo vya kabureta, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mashine kuwaka kisha kuzima baada ya msimu wa mapumziko. Petroli yenye ethanoli zaidi ya asilimia 10 usiitie kabisa.

Visu noa kila saa 20 hadi 25. Utajua vimekuwa butu ncha za nyasi zikichanika na kugeuka kahawia siku ya pili. Kabla ya kufungua zima, chomoa waya wa plagi, na usilale chini ya mashine inayoshikiliwa na jeki peke yake. Noa kwa tupa ukifuata pembe ya awali, kisha tundika kisu kwenye msumari kupitia tundu la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito. Punguza chuma mwishoni mwa upande huo hadi kisu kilale sawa. Watu wanaruka hatua hii, halafu wanashangaa beringi zinakufa kila mwaka. Kisu kilichopinda hakinyooshwi, kinatupwa.

Kama inakata mawimbi, kabla hujalaumu deki angalia upepo wa tairi: mara nyingi psi 14 mbele na 10 nyuma, lakini fuata kitabu chake. Baada ya hapo ndipo upime deki: kushoto na kulia zisipishane zaidi ya milimita 3, na mbele iwe chini kidogo kuliko nyuma, milimita 3 hadi 6.

Bi_Bustani:
Wote mmesukumia kwenye kununua. Huyu bado ana watu wa kukata. Ukibaki nao au ukiwaachia mteremko tu, zungumzeni haya kabla ya hela. Kimo cha kukata, kwa sentimita, na wasipunguze zaidi ya theluthi ya jani kwa mkato mmoja. Wanaolipwa kwa mkato hushawishika kukata chini sana ili waonekane wamefanya kazi, na mizizi inafupika. Mvua ikinyesha siku yao, wanakuja lini? Mashine zao nzito zikipita kwenye udongo uliolowa zinaacha mifereji ya tairi ambayo huiondoi kirahisi. Waambie pia wasafishe deki kabla ya kuingia kwako, maana mbegu za magugu ya uwanja wa jirani zinasafiri humo. Jiwe likiruka likavunja kioo, nani analipa? Wenye bima watakuonesha karatasi bila kuulizwa mara mbili.

Na jaribu kuomba bei ya mara moja kila siku kumi badala ya kila wiki kwenye miezi ambayo nyasi zinakua polepole. Ukitoka mikato 28 ukafika 22, hesabu ya huyo ndugu hapo juu inabadilika kabisa.

Mwenye_Uwanja:
Mmenisaidia sana. Ile ya saa 310 ina deki ya inchi 38 na ni ya haidrostatiki. Naenda kuiendesha hizo dakika 20. Mteremko nitawaachia wao, naomba bei ya kipande kesho.

Fundi_Grisi:
Ukifika, kabla ya kuiendesha jaribu swichi ya kiti: visu vikizunguka na breki ya kuegesha ikiwa imefungwa, nyanyuka kidogo kitini bila kushuka. Injini au visu vinatakiwa vizime papo hapo. Visipozima, kuna mtu ameunganisha waya ili kuikwepa, na hapo uliza ameunganisha nini kingine.